Tulikwenda Mburo Kuwatazama Punda Milia

Binti yangu wa kwanza ana umri wa miaka tisa, na kwa muda wa miaka mitatu sasa amekuwa akivuka barabara kuu kwenda shuleni akishikwa mkono na askari wa usalama barabarani. Pale avukapo pamechorwa milia myeupe juu ya lami nyeusi. Siku moja askari yule, katika kumchangamsha, alimwambia kwamba kivuko kile kimepewa jina la mnyama. Jioni mtoto akaniuliza kama mnyama huyo yuko kweli au ni kama zimwi la hadithi. Nikamjibu kwamba yuko, tena yuko hapa hapa Uganda, safari ya nusu siku tu kutoka Kampala. Ndipo akaniuliza swali la pili: "Wewe baba umemwona?"

Mimi nilisomea ualimu nikapata cheti, na kabla ya kuhamishiwa kazi ya ofisini hapa mjini niliwafundisha watoto wa darasa la nne habari za wanyama kwa kutumia picha ya ukutani iliyopauka. Ilinibidi kusema kweli. Sikuwa nimemwona, isipokuwa yule wa Entebbe aliye nyuma ya ua, naye siku ile alikuwa amelala.

Nadhani wengi wa wasomaji wa ukurasa huu hawanizidi. Tunakaa Nsambya, Naguru, Mbuya au Bombo. Tunasikia kwamba wageni wanapanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kuwatazama wanyama wetu. Na sisi wenyewe tukipata likizo tunakwenda kijijini kuzika au kuoza. Hata jina la mji wetu mkuu twalitamka kila siku pasipo kukumbuka kwamba ndani yake mna mnyama. Kilima kile ambacho Waingereza walijenga ngome juu yake mwishoni mwa mwaka 1890 kilikuwa malisho ya swala pala katika ardhi ya Kabaka, na kwa Kiganda kikaitwa Kasozi k'Empala. Leo mtu akimtaka swala huyo hana budi kumfuata hasa huko huko Mburo, waliko punda milia.

Aliyeiwezesha safari ni mama watoto. Yeye na wake wanne wa askari, majirani wa kaka yake katika kambi ya polisi ya Nsambya, wana upatu wao. Walikubaliana kwamba mzunguko mmoja hautachukuliwa na mtu yeyote, bali utakuwa wa watoto. Kwa muda wa miezi minane kila mmoja alitoa fungu lake, na mwezi wa Januari, shule zikiwa bado zimefungwa, tukakodi gari moja la abiria lenye viti kumi na vinne. Tulikuwa watoto wanane na watu wazima watano. Kiti kimoja tulikiacha wazi kwa ajili ya baba mkwe wangu ambaye tungemkuta njiani. Chakula tulibeba wenyewe: matoke yaliyofungwa katika majani ya mgomba, chapati, mayai ya kuchemsha, na chai katika chupa tatu kubwa. Akina mama watakaotaka kutuiga nawasihi wasibebe mchuzi. Sisi tulibeba, na gari letu lilinuka mchuzi wa karanga kuanzia Mpigi hadi Lyantonde.

Kuhusu kiingilio, raia wa Uganda na wa nchi jirani za Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, tena kiasi kidogo sana kuliko akilipacho mgeni wa mbali, na watoto hulipa pungufu. Kwa kuwa bei hubadilika, heri kuuliza kwanza katika ofisi ya mamlaka ya wanyamapori iliyoko barabara ya Kira, Kamwokya, karibu na Jumba la Makumbusho. Wakati mwema wa kwenda ni kiangazi, yaani toka Desemba hadi Februari, na tena toka Juni hadi Agosti. Majira hayo visima vya porini hukauka, wanyama wakasogea ziwani, na gari la kawaida huweza kupita bila kukwama.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Mpambire wachonga ngoma walikuwa ndio kwanza wanafungua vibanda vyao. Kayabwe, penye mstari wa Ikweta, watoto walishuka wakasimama mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, wakabishana kwa dakika kumi ni upande upi wenye baridi zaidi. Lukaya tulinunua gonja za kuchoma, ijapokuwa tulikuwa na chakula, maana hakuna apitaye Lukaya akafunga kioo. Baada ya Masaka migomba huanza kupungua, na ufikapo Lyantonde nchi imekwisha kubadilika: vilima vimekaa wazi, nyasi ni za rangi ya dhahabu, migunga imetapakaa, na ng'ombe wa Ankole wanavuka barabara kwa mwendo wao wa kifalme, pembe zao zikiwa ndefu kuliko mikono ya mtu.

Hapa yanipasa nimweleze baba mkwe wangu, maana bila yeye habari hii haina kiini.

Yeye ni Muhima, mfugaji mwana wa wafugaji, na umri wake umepita miaka sabini. Anakaa upande wa Sanga, kabla ya kufika Mbarara. Mke wangu alipompigia simu kumwarifu kwamba tunakwenda mbugani, alisema atafurahi kutupokea kwa maziwa, lakini ndani ya mbuga hatakanyaga. Tangu mwaka 1983 hajakanyaga. Mke wangu alizaliwa baada ya hapo, na katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia baba yake akilitaja Ziwa Mburo ila mara moja moja, kama mtu atajavyo jina la ndugu aliyemdhulumu.

Nchi ile ina historia ndefu. Katika miaka ya 1890 maradhi ya sotoka yaliua ng'ombe wengi mno, malisho yakageuka vichaka, na baadaye vichaka vikaleta mbung'o. Wafalme wa Ankole walikuwa na malisho yao huko Nshara, na serikali ya kikoloni ikalifanya eneo hilo kuwa la uwindaji wa masharti mwaka 1933. Katika miaka ya 1950 na 1960, ili kuwamaliza mbung'o, wanyama wengi wa porini walipigwa risasi na vichaka vikafyekwa, kisha ranchi zikapimwa. Mwaka 1963 eneo la ziwa likawa hifadhi ya wanyama, lakini wafugaji waliendelea kukaa humo na ng'ombe wao. Mwaka 1983 likatangazwa kuwa mbuga ya taifa, na maelfu ya watu wakaondolewa kwa nguvu, wengi pasipo fidia. Serikali ya wakati ule ilipoanguka mwaka 1985, wenyeji walirudi, wakawafukuza walinzi, wakabomoa majengo, wakawaua wanyama. Baada ya mwaka 1986 serikali mpya ikakata sehemu kubwa ya mbuga na kuwagawia wafugaji. Leo imebaki kilomita za mraba zipatazo 370, na ni miongoni mwa mbuga ndogo za nchi yetu.

Baba mkwe wangu alipata kipande chake nje ya mpaka mpya. Mahali alipokuwa amejenga zamani pamebaki ndani.

Tulikunywa maziwa kwake. Mzee akasema kwamba kwa heshima ya wajukuu atatusindikiza hadi lango, kisha atarudi kwa pikipiki. Akaketi katika kile kiti tulichomwachia, fimbo yake katikati ya magoti.

Msomaji labda anatazamia kwamba punda milia wetu wa kwanza tulimwona ndani ya mbuga. La hasha. Tulikuwa bado katika njia ya vumbi, kati ya ua wa ranchi moja na nyingine, watoto walipopiga kelele kwa pamoja hata dereva akafunga breki. Upande wa kushoto lilikuwapo kundi la ng'ombe kama hamsini wakilisha, na katikati yao, wakilisha nyasi zile zile, walikuwapo punda milia kumi na mmoja. Kijana mchungaji alikuwa ameketi chini ya mgunga akichezea simu yake. Hakuwatazama. Aliyeshangaza macho yake ni sisi.

Nilimuuliza mzee kama jambo hili ni la kawaida. Akanijibu kwa Kinyankole, nami nafasiri: "Hawa hukaa kwetu. Mvua ikinyesha wote wanatoka huko kwao, wanakuja kwetu. Wanafuata ng'ombe."

Nilidhani ni maneno ya mzee mwenye kinyongo na mbuga. Baadaye nikaja kujua kwamba watafiti waliwahesabu wanyama ndani na nje ya Mburo, na mwaka 2006 wakatangaza neno lile lile: wakati wa mvua wanyama walao majani huwa wengi zaidi, kwa kila kipande cha ardhi, katika malisho ya wafugaji kuliko ndani ya mbuga. Sababu ni nyasi. Punda milia hupenda mahali pa wazi penye nyasi fupi, ambapo adui humwona kwa mbali. Ndani ya mbuga, ambamo hakuna tena ng'ombe wala tembo wa kuvunja miti, migunga midogo imeota kwa wingi ikasonga malisho, hata wenye mbuga wamelazimika kuing'oa. Nje, mfugaji hufyeka vichaka kwa ajili ya ng'ombe wake, na punda milia akaona ametandikiwa.

Je, mfugaji anapata hasara? Wakati wa kiangazi, ndiyo, maana majani ni machache na kila mdomo ni mdomo. Lakini mtaalamu wa Kenya, Wilfred Odadi, pamoja na wenzake walichunguza jambo hili huko Laikipia, na mwaka 2011 wakaeleza kwamba wakati wa mvua ng'ombe wanaolisha pamoja na wanyama wa porini, hasa punda milia, hunenepa zaidi. Punda milia hacheui kama ng'ombe. Chakula chake hupita upesi tumboni, kwa hiyo huweza kula mabua makavu na magumu, akamwachia ng'ombe majani laini yachipuayo chini. Nilimweleza mzee habari hizi. Akasema, "Alisoma miaka mingapi kulijua hilo?"

Langoni palitokea lile ambalo mke wangu alikuwa akiliogopa tangu Kampala. Mzee alinyanyuka ashuke. Binti yangu, aliyekuwa ameketi karibu naye, akamshika fimbo. "Babu, usituache. Nani atatuonyesha?" Mzee akasimama ameinama ndani ya gari, mkono mmoja juu ya mlango, na watoto wote wakanyamaza. Akasema polepole, "Mimi sijapata kulipa kiingilio ili niingie nyumbani kwangu." Hakusema kwa hasira. Shemeji yangu, ambaye ni mwanawe, sajini wa polisi mwenye tepe tatu mkononi na sauti ya kuamrisha watu, alishuka bila neno akaenda dirishani kulipa, akarudi na stakabadhi za watu wote. Hakumwonyesha baba yake. Mzee akakaa tena. Hakushuka garini, na kwa kuwa hakushuka, akaingia.

Mburo ina faida moja ambayo si kila mbuga inayo: mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu, maadamu anaongozwa na askari wa mbuga mwenye silaha. Aliyetuongoza sisi alikuwa mwanamke, bunduki begani, naye alitupa amri zake kwa ufupi ambao shemeji yangu aliusifu. Tutembee mstari mmoja, tusipige kelele, tusivae nguo za kung'aa, na tukikutana na nyati tusikimbie ila tumfuate yeye. Punda milia naye, akasema, si punda wa kupandwa na watoto. Teke lake huvunja taya la simba, na meno yake huuma na kushikilia.

Baada ya mwendo wa nusu saa tulitokea mahali peupe, nao walikuwa pale.

Nitajaribu kueleza kama nilivyoona, ingawa najua picha ya ukutani ilinidanganya kwa miaka. Katika picha yuko mmoja, amesimama kando kama mtumishi anayesubiri barua. Porini huwezi kumwona mmoja. Walikuwa kama thelathini, na kwa kuwa jua lilikuwa limeanza kupanda na hewa inachezacheza juu ya nyasi, milia yao iliingiliana hata ukashindwa kujua kichwa hiki ni cha mwili upi. Kisha mmoja akageuka, na lile fungu zima likawa wanyama tena. Tumbo lake lilikuwa la mviringo na lenye kushiba. Punda milia huonekana mnene, hata kiangazi, maana huwa na gesi nyingi tumboni, jambo lililowafurahisha watoto kupita yote tuliyoambiwa siku ile.

Askari wetu alitufundisha kuona. Lile kundi kubwa, akasema, ni jamaa kadhaa zilizokutana. Kila jamaa ina dume mmoja, majike wachache na watoto wao, nao hukaa pamoja kwa miaka. Wakiondoka, jike mkubwa ndiye atanguliaye, wengine wakafuata kwa mpango wa cheo, na dume hubaki nyuma kulinda. Wake wa askari waliokuwa pamoja nasi wakatazamana, wakacheka, sikuelezwa kisa. Jike hubeba mimba karibu miezi kumi na miwili au kumi na mitatu. Mtoto azaliwapo husimama katika muda usiotimia saa moja, na milia yake huwa ya rangi ya kahawia. Kwa siku za kwanza mama huwafukuza wengine wote wasimkaribie, hata shangazi zake, mpaka mtoto awe ameishika barabara milia ya mama yake, harufu yake na sauti yake. Maana hakuna punda milia wawili wenye milia iliyo sawa, kama ilivyo kwa alama za vidole ambazo shemeji yangu huzichukua kituoni.

Neno hilo lilimwingia binti yangu. Alitoa daftari lake la shule, akachagua jike mmoja aliyekuwa karibu, akaanza kuchora bega lake la kushoto, mlia kwa mlia. Mlia wa tatu ulikuwa umepasuka juu kama panda ya manati. Tulimngojea.

Wakati huo ubishi ulizuka kuhusu kazi ya milia. Shemeji yangu alikuwa na jibu tayari: ni sare ya mafichoni, kama ile ya jeshi. Nami ndivyo nilivyofundisha darasani, Mungu anisamehe. Askari wa mbuga alitikisa kichwa. Mwaka 2016 wataalamu wa Kanada na Marekani walieleza kwamba simba na fisi, kwa jinsi macho yao yalivyo, hawawezi kuitambua milia wakiwa mbali ya mita 50 mchana. Humwona punda milia kama mnyama wa kijivu tu, na kabla ya hapo wamekwisha kumnusa. Ajifichaye halishi katikati ya uwanja akipiga kelele. Sababu inayokubaliwa na wengi leo ni inzi wanaouma, waletao maradhi. Mwaka 2019, huko Uingereza, farasi walivishwa mashuka ya milia, na ikaonekana kwamba inzi waliwafikia kama kawaida, lakini walipotaka kutua walipita au wakajigonga, kana kwamba macho yao yamezuzuka. Mwaka huo huo Wajapani waliwapaka ng'ombe weusi milia myeupe, na inzi waliotua juu yao wakapungua kwa karibu nusu.

Mzee alikuwa akisikiliza huku mke wangu akimfasiria. Alizikumbuka siku za utoto wake, bunduki za kuwamaliza mbung'o zilipolia usiku na mchana. "Basi," akasema, "kumbe wangetuletea rangi badala ya risasi."

Mtoto mmoja akauliza kama polisi hawawezi kuwapanda punda milia badala ya pikipiki. Nilifurahi kuwa na jibu angalau moja. Mwanzoni mwa karne iliyopita Nairobi alikuwapo daktari Mgoa, Rosendo Ribeiro, aliyezunguka kuwatazama wagonjwa wake akiwa juu ya punda milia aliyefugwa, na ndiye aliyegundua tauni ilipoingia mjini humo mwaka 1902. Wazungu wengine walijaribu pia, kwa kuwa farasi walikufa kwa mbung'o. Hawakufika mbali. Mnyama huyu hushtuka upesi, mgongo wake haukuumbwa kwa mzigo, na hasahau kuuma.

Wakati tunaongea, mzee alikuwa ameondoka katika mstari. Askari wetu alimwona akafungua kinywa amwite, kisha akaacha, akatupa ishara tumfuate. Alikuwa akitembea kuelekea ule uwanda wenyewe, na punda milia wakasogea pole pole wakampisha, mbali kidogo, wakageuka kumtazama. Akasimama. Nyasi mahali pale zilikuwa fupi na za kijani, ingawa pande zote zilikuwa zimekauka. Kando palikuwa na minyaa mirefu mitatu imeota katika mstari, na minyaa haijipandi katika mstari.

"Hapa ndipo zizi lilipokuwa," akasema. Akatuonyesha kwa fimbo: hapa lango, hapa nyumba ya mke wake, hapa walipolala ndama.

Askari akatueleza, kwa sauti ya chini, kwamba sehemu kama hizi ziko nyingi. Samadi ya miaka mingi huirutubisha ardhi hata nyasi zikawa tamu kuliko za pembeni, na wanyama huzijua. Nimesoma tangu siku ile kwamba watafiti waliochimba maboma ya wafugaji wa kale kusini magharibi mwa Kenya, na kutangaza matokeo mwaka 2018, waliikuta ardhi hiyo ingali na rutuba baada ya maelfu ya miaka. Pale tulipokuwa ilikuwa imepita miaka arobaini tu.

Mzee alitazama punda milia kwa muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo mke wangu alilifasiri nusu, akasita, akalimalizia.

"Mwaka 1985 tuliporudi, niliwaua wanne. Kwa mkuki, hapa. Sisi hatuli nyama ya porini. Niliwaua kwa sababu tulidhani wakiisha hawa hakutakuwa na mbuga, na mbuga ikiisha hakuna atakayetutoa tena. Niliwaacha fisi wawale."

Hakuna aliyejibu. Watu wa rika langu tumesoma kwamba katika miaka ile bunduki zilimaliza wanyama wa Uganda. Tumewasikia wazee wetu waliokuwa jeshini wakieleza walivyopiga tembo na nyati kwa ajili ya chakula na pembe. Sikupata kufikiri kwamba mmoja wa waliofanya hivyo angekuwa babu wa watoto wangu, tena si kwa tamaa. Binti yangu alifunga daftari, akamshika mkono. Akamuuliza, "Babu, walikuwa na milia gani?" Mzee, ambaye huwajua ng'ombe wake wote kwa rangi na majina, bihogo na bugondo na wengine, akasema hakuwatazama.

Alasiri tulipanda mashua ziwani, tukawaona viboko, mamba mmoja na tai mla samaki. Mzee aliwasimulia watoto hadithi ya ndugu wawili, Kigarama na Mburo. Kigarama aliota kwamba bonde litafurika akahamia vilimani, na Mburo akapuuza maonyo akazama, nalo ziwa likachukua jina lake. Tuliwaona pia pofu, ngiri na swala pala kwa mamia, na twiga, ambao hawakuwa wenyeji wa hapo bali waliletwa kutoka Maporomoko ya Murchison mwaka 2015. Simba hatukuwatazamia. Walimalizwa zamani na wenye mifugo.

Kwa askari waliopangiwa kazi Karamoja, napenda kuongeza kwamba nao wana punda milia wao. Katika mbuga ya Kidepo, iliyotangazwa mwaka 1962, wako wengi wasio na singa shingoni, na sura yao ni ya kipekee. Mtu aliyeko Kaabong hana haja ya kungoja upatu wa miezi minane. Ndugu yao wa Afrika Kusini, kwaga, aliyekuwa na milia ya mbele tu, aliwindwa mpaka akaisha. Wa mwisho alikufa katika bustani ya wanyama ya Amsterdam mwaka 1883.

Tulirudi Kampala usiku wa manane, watoto wamelala juu ya mapaja ya kila mtu. Mzee tulimshusha nyumbani kwake Sanga. Alipokuwa akiagana na shemeji yangu aliomba apewe ile stakabadhi ya langoni. Akaitazama kwa mwanga wa taa za gari, akaikunja, akaitia mfukoni.

Mwezi wa Aprili, mvua zilipoanza, simu ya mke wangu ililia asubuhi na mapema. Ni baba yake. Alisema punda milia wameingia katika shamba lake tangu juzi, tisa, na mmoja ana mlia uliopasuka begani, upande wa kushoto. Anataka mjukuu wake atazame daftari.

Binti yangu alilileta mbio, huku amevaa kiatu kimoja.

"Babu, ni mlia wa ngapi?"

Kulikuwa kimya, kwa sababu mzee alikuwa akitembea kuwasogelea, simu mkononi. Tulisikia pumzi zake na ng'ombe mmoja akilia. Kisha akasema ni wa pili kutoka shingoni. Akahesabu tena. Wa pili.

"Basi si yeye," mtoto akasema. "Yule wangu ni wa tatu. Huyo ni mwingine." Akafungua ukurasa mpya, akalamba ncha ya penseli. "Usiondoke, Babu. Niambie na ya chini yake."